Mkimbizi, Mkimbiaji na Rubani: Riwaya ya Mbio za Kesho Mbele ya Msomaji Kijana wa Juba

Ikisiri

Makala hii inaichunguza riwaya ya Matthew Reilly, *Hover Car Racer* (2004), iliyoandikwa kwa ajili ya vijana kuhusu mashindano ya magari yanayoelea, kwa kuzingatia msomaji kijana wa Juba anayeanza kusoma kwa Kiswahili. Riwaya hiyo inalinganishwa na *Kusadikika* (1951) ya Shaaban Robert na *Walenisi* (1995) ya Katama Mkangi, ambazo nazo zinatumia safari ya angani. Inadaiwa kwamba hadithi ya mbio zisizo na mtu anayefukuzwa si burudani nyepesi kwa msomaji ambaye lugha yenyewe inamweka mkimbizi na mkimbiaji katika mzizi mmoja. Inadaiwa pia kwamba Kiswahili, kwa msamiati wake wa baharini na kwa sarufi yake ya usimulizi, kina nyenzo za kuibeba hadithi ya namna hiyo.

Utangulizi

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, mjadala kuhusu Kiswahili mjini Juba umekuwa zaidi mjadala wa walimu, mitaala na vyeti. Serikali imeeleza zaidi ya mara moja nia yake ya kukifundisha Kiswahili shuleni, na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, jambo lililowapa wadau sababu nyingine ya kukutana na kutoa maazimio. Swali moja limeachwa pembeni. Kijana wa Juba akishajua kusoma Kiswahili, asome nini kwa hiari yake, nje ya darasa, bila mtihani kumngoja?

Kijana huyo hakutani na Kiswahili kwa mara ya kwanza shuleni. Katiba ya mpito ya mwaka 2011 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mitaani hutawala Kiarabu cha Juba. Nyumbani kuna Kibari, Kidinka, Kinuer, Kizande na lugha nyingine nyingi. Kiswahili kimeingia kwa milango ya pembeni: kwa wafanyabiashara wa Uganda na Kenya katika soko la Konyokonyo, kwa madereva wa malori wanaopitia Nimule, kwa waendesha bodaboda, na zaidi kwa wale waliorudi kutoka makambini. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, hufuata mtaala wa Kenya, ambamo Kiswahili ni somo. Wapo basi vijana waliozijua ngeli za Kiswahili kabla ya kuijua Juba yenyewe.

Mwaka 1965 Taban lo Liyong, ambaye baadaye alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Juba, aliilaumu Afrika Mashariki kwa ukame wa kifasihi. Lawama ile ilielekezwa hasa kwa maandishi ya Kiingereza. Ikihamishiwa kwenye rafu ya Kiswahili ya kijana wa leo mjini Juba, ukame unaoonekana ni wa namna nyingine: vitabu vya kiada vinaweza kufika, na hadithi za mafunzo pia, lakini kitabu kinachomkosesha kijana usingizi kwa utamu wake tu hakimo katika mipango ya mtu yeyote. Uhakiki wa Kiswahili una sehemu yake katika kosa hili. Umezoea kuipima hadithi ya vijana kwa funzo lake, na kuiweka hadithi ya kasi na msisimko katika fungu la fasihi pendwa, fungu ambalo hutajwa kwa heshima katika utangulizi wa tasnifu kisha likasahaulika.

Kitabu chenyewe

Reilly ni mwandishi wa Australia anayejulikana zaidi kwa riwaya za kusisimua za watu wazima. *Hover Car Racer* aliitoa kwanza kwa mafungu, bila malipo, mwaka 2004, kisha ikachapishwa kuwa kitabu. Inasimulia habari za Jason Chaser, kijana wa miaka 14 anayeendesha gari linaloelea juu ya ardhi kwa nguvu za sumaku, na mdogo wake wa miaka 12, anayejulikana kwa jina la utani la Bug, yaani mdudu, ambaye huketi nyuma yake na kumwelekeza njia. Gari lao linaitwa Argonaut. Ndugu hao wanapata nafasi katika shule ya kimataifa ya mbio huko Tasmania, chini ya mwalimu mkali, Scott Syracuse, aliyewahi kuwa mshindani mwenyewe. Fundi wao mkuu ni msichana, Sally McDuff. Mbele yao yako mashindano makubwa manne ya dunia: ya Sydney, ya London, ya Italia na ya New York.

Kama riwaya, kitabu hiki kina mapungufu ambayo hakuna haja ya kuyafunika. Waovu wake wanajulikana tangu wanapoingia ukurasani. Watu wazima ama ni wakali wenye moyo mwema ama ni wanafiki. Mshangao mwingi unatokana na chombo kuharibika wakati usiofaa, na msomaji mzoefu huanza kukisia chombo kitaharibika ukurasa gani. Lakini mhakiki anayeishia hapo atakuwa amehakiki jambo ambalo kitabu hakikuahidi. Ahadi yake ni mbio. Kwa upande huo kimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa: kila shindano lina sheria zake, njia yake, hesabu zake za alama, na swali lake la pekee ambalo washindani wanalijibu kwa namna tofauti. Msomaji anajua daima nani yuko mbele, kwa kiasi gani, na kimebaki nini. Riwaya nyingi zinazosifiwa zaidi hazimtendei msomaji wake haki hiyo.

Mkimbizi na mkimbiaji

Kiswahili kinaunda majina mawili kutokana na kitenzi *kimbia*. Mkimbiaji ni yule anayekimbia kwa mchezo au kwa kazi. Mkimbizi ni yule aliyekimbia nchi yake. Tofauti ya maana imebebwa na kiambishi tamati tu. Kitenzi hichohicho kikiwa katika hali ya kusababisha kinatoa *kimbiza*, na hapo anapatikana mtu wa tatu, yule anayewakimbiza wengine. Katika lugha nyingi jina la mtu aliyeihama nchi yake hutokana na wazo la hifadhi anayoitafuta. Kiswahili kimelichukua kutoka miguuni mwake.

Mjini Juba habari hii haiishii katika mofolojia. Barabara ya lami kutoka Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya uhuru, na ilikuwa fahari ya nchi changa. Mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 yaliifanya njia hiyohiyo kuwa njia ya kuondokea. Kwa kijana aliyeipita akiwa mtoto, juu ya lori au kwa miguu, kasi haikuwa jambo la furaha. Kasi ilipimwa kwa umbali kati ya familia na kilichokuwa nyuma yake.

Historia ya michezo ya nchi hii imeliweka jambo hilo wazi kuliko nadharia yoyote. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012 Guor Marial alikimbia marathoni chini ya bendera ya Olimpiki, kwa sababu Sudan Kusini haikuwa bado na kamati yake ya Olimpiki. Miaka minne baadaye, huko Rio de Janeiro, timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi ilikuwa na wanariadha 10, na watano kati yao walikuwa vijana wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma na kufanya mazoezi Ngong, nchini Kenya, chini ya Tegla Loroupe. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera. Wote watano walishiriki mbio. Mwandishi wa habari wa Kiswahili aliyetaka kuwaeleza alilazimika kuandika, bila kukusudia tamathali yoyote, kwamba wakimbizi hao ni wakimbiaji.

Hapa ndipo riwaya ya mbio inapopata uzito ambao mwandishi wake huko Australia hakuwa na sababu ya kuufikiria. Mbio za mashindano ni mbio zilizoondolewa mfukuzaji. Kuna anayefuata nyuma, lakini akikufikia atakupita tu. Kuna mstari wa kuanzia na mstari wa kumalizia, na mara nyingi ni mstari mmoja. Anayekimbia anarudi alipotoka, na watu wake wanamngoja hapo. Kumwambia kijana wa Juba kwamba kasi inaweza kuwa hivyo ni kumwambia jambo zito kuliko mafunzo mengi yanayoandikwa mwishoni mwa hadithi za shule. Anayekiita kitabu cha namna hii utoro wa kifikra anapaswa kueleza kwanza msomaji huyu anatoroka nini.

Hata jina la ukoo la shujaa linaingia katika mtandao huu. Chaser kwa Kiingereza ni mtu anayekimbiza. Mfasiri ataliacha jina kama lilivyo, na atafanya vyema. Lakini akijua maana yake ataona jinsi riwaya inavyolisafisha tendo la kukimbiza. Jason huwakimbiza wenzake kwa muda mrefu wa kitabu, na hakuna anayedhurika kwa sababu ya kukimbizwa naye.

Chombo, usukani, rubani

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuiandika au kuifasiri hadithi kama hii kwa Kiswahili hutokana na msamiati. Inadhaniwa kwamba lugha italazimika kuazima kila kitu, kuanzia sumaku hadi kofia ya dereva. Dhana hiyo haijaangalia Kiswahili kilivyokwisha kufanya. Usukani ulikuwa kifaa cha kugeuzia jahazi kabla haujawa duara mbele ya dereva wa gari. Abiria ni mtu anayeabiri, anayesafiri kwa chombo cha majini. Basi likiondoka stendi, huambiwa limeng'oa nanga. Na chombo chenyewe, neno la jahazi na mashua, ndilo lililopaa na kuwa chombo cha angani pasipo kamati yoyote ya istilahi kukaa. Pwani ilipokutana na mitambo mipya, iliivisha nguo za bahari.

Rubani anastahili maelezo marefu zaidi. Leo ni mtu anayeendesha ndege. Katika matumizi ya zamani ya ubaharia alikuwa mjuzi wa njia, yule anayezijua kina, miamba na mikondo, na ambaye huiongoza jahazi mahali ambapo kukosea ni kuzama. Nahodha ana mamlaka juu ya chombo na watu wake. Rubani ana maarifa ya njia, na mahali pa hatari nahodha humsikiliza. Mgawanyo huu wa mamlaka na maarifa ndio hasa uliomo katika gari la Argonaut. Jason anashika usukani, Bug anaijua njia. Mdogo huyo ni mwenye haya hadi hunong'ona tu sikioni mwa kaka yake, lakini pasipo yeye gari litajibamiza ukutani. Kiingereza kina neno moja la kawaida kwa kazi yake, neno la ramani na dira. Mfasiri wa Kiswahili akimwita Jason nahodha na Bug rubani, kwa maana ya zamani ya neno, atakuwa amesema jambo ambalo asilia ilihitaji kurasa nyingi kulionyesha.

Reilly mwenyewe hakuwa mbali na bahari. Jina la gari, pamoja na jina la shujaa, yametoka katika hadithi ya Kigiriki ya Jason na mabaharia wa merikebu Argo waliokwenda kutafuta ngozi ya kondoo ya dhahabu. Chini ya rangi na sumaku, gari hili ni merikebu. Hata sifa yake ya msingi, kuelea, ni tendo ambalo Kiswahili kililijua kwanza majini, na methali ya *ukiona vyaelea, vimeundwa* inavihusu vyombo, kama upatanisho wa kisarufi unavyoonyesha. Methali hiyo inamtukuza fundi, si nahodha. Kwa bahati njema ndivyo ilivyo pia katika riwaya: Sally McDuff na timu yake hushinda au kushindwa kwa sekunde chache za kubadilisha sumaku zilizokwisha nguvu, na msomaji hufundishwa kumtazama fundi kwa wasiwasi uleule anaomtazama nao dereva.

Juba si pwani, na pingamizi linaweza kuja kwamba kijana wa huku hajui jahazi wala nanga. Ni kweli. Lakini mji huu umekaa mahali ambapo meli za mtoni zitokazo kaskazini hukomea, kwa sababu upande wa kusini maporomoko ya Fula huuzuia mto Nile Nyeupe. Chombo, gati na shehena si maneno ya kuota ndotoni hapa. Na upande mwingine yako maneno ya barabarani ambayo kijana anayo tayari: fundi, spea, breki, gia, raksha, bodaboda. Neno hili la mwisho lina asili inayofaa kukumbukwa, kwani kwa maelezo yanayokubalika na wengi lilitokana na wapanda baiskeli waliowavusha watu katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia. Bodaboda ni chombo kilichopewa jina la kuvuka mpaka. Hakuna gari linaloelea lenye jina zuri kuliko hilo.

Safari ya taarifa na safari ya duara

Fasihi ya Kiswahili imeruka angani mapema. *Kusadikika* ya Shaaban Robert inasimulia nchi inayoning'inia hewani, na kesi ya Karama, anayejitetea mbele ya mfalme kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, zikiwamo mbinguni na ardhini. Wajumbe hao waliporudi na maarifa walitiwa gerezani. Katika *Walenisi* ya Katama Mkangi, Dzombo amehukumiwa kufa kwa kurushwa ndani ya chombo. Anafaulu kukiongoza chombo hicho na kufika katika nchi ya usawa, ambayo jina lake likisomwa taratibu linasema *wale ni sisi*. Hizi ni kazi zenye mawazo mazito, na hazijapata bado mahali zinapostahili katika mazungumzo ya bunilizi ya kisayansi ya Afrika, mazungumzo ambayo hufanywa zaidi kwa Kiingereza.

Zikiwekwa kando ya riwaya ya Reilly, tofauti ya umbo inaonekana mara moja. Safari ya Shaaban Robert na ya Mkangi ni safari ya taarifa. Mtu anakwenda kwingine, anaona jinsi mambo yanavyoweza kuwa, na thamani ya safari iko katika kile atakachowaambia waliobaki. Kwa hiyo chombo hakina muda wa kupendwa. Dzombo anajifunza kukiongoza kwa sababu asipojifunza atakufa. Msomaji haulizwi kama anakifurahia. Safari ya mashindano ni ya duara. Hakuna nchi mpya inayogunduliwa, hakuna taarifa, na atakayerudi atarudi na matokeo tu. Ndiyo maana msomaji wa mashindano hulitazama gari, kona, upepo na mkono wa dereva kwa makini ambayo msomaji wa *Kusadikika* huyahifadhi kwa ajili ya hoja.

Si lazima umbo moja lilishinde lingine, lakini ipo hasara katika fasihi ya vijana yenye umbo la kwanza peke yake. Kijana huhisi upesi kwamba chombo ni kisingizio na hotuba inakuja. Riwaya ya Mkangi ni bora kuliko ya Reilly kwa fikra, na anayesema hivyo hahitaji kuomba radhi. Hata hivyo mtoto wa miaka 12 wa Juba atamaliza ya Reilly usiku mmoja, na atahitaji mwalimu ili aimalize ya Mkangi.

Umbo la taarifa, kwa upande wake, lina swali ambalo umbo la duara linalikwepa: chombo hiki ni cha nani? Katika *Walenisi* chombo ni cha dola, nacho ni cha kuulia, hadi mhukumiwa anapojua kukigeuza. Reilly analigusa swali hilo kwa wazo zuri kuliko mengine yote kitabuni, kisha analiacha. Ulimwengu wake umejengwa juu ya uvumbuzi ambao mvumbuzi aliutoa kwa dunia bila malipo. Wazo hilo lingeweza kubeba riwaya nzima. Kama kuelea ni zawadi kwa wote, kwa nini mashindano makubwa manne yamegawanywa kati ya Australia, Uingereza, Italia na Marekani? Teknolojia imetolewa bure. Njia za kukimbilia hazikutolewa. Msomaji wa Juba ataliona jambo hilo kabla ya kuonyeshwa, kwa sababu amezoea kuona mashindano ya dunia kwenye skrini na vumbi nje ya mlango.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake katika suala hilo. Mbio maarufu za magari za Safari zilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa watoto wa vijiji vya kando ya njia, mbio zilikuwa kitu kinachopita. Pwani, kinyume chake, ilikuwa na mashindano yenye wenyewe: resi za ngalawa huko Unguja, na za mashua na punda huko Lamu, ambamo mtazamaji anamjua nahodha kwa jina na anaujua upepo kama anavyoujua. Na mashindano yanayosimuliwa zaidi kuliko yote, ya sungura na kobe, katika masimulizi mengi ya Kiafrika hayaamuliwi na bidii ya kobe. Kobe huwapanga jamaa zake kando ya njia, kila mmoja mahali pake, na sungura kila akiita hujibiwa kutoka mbele. Huyo ni mshindani anayeshinda kwa ukoo. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuandika mbio za kesho ana mbegu hapo ambayo Reilly hakuwa nayo.

Kasi ya sentensi

Reilly hutengeneza kasi kwa aya za sentensi moja, milio na alama za mshangao. Mfasiri atakayeziiga moja kwa moja atapata ukurasa wenye kelele. Kiswahili kina njia tulivu zaidi na ya haraka zaidi, nayo ni kiambishi *-ka-*. Kitendo kinafungwa kwenye kitendo kilichotangulia bila kiunganishi, bila kurudia mtenda, bila kusema *halafu*. Sentensi ya mfano ingeweza kuwa hivi: aliona pengo, akajitosa, akapenya, akatokea upande wa pili. Maneno sita baada ya koma ya kwanza, matendo matatu, na msomaji hakupewa nafasi ya kupumua. Vitabu vingi vya shule humnyima mtoto raha hii kwa kung'ang'ania *alikuwa akiendesha* na *ndipo alipoamua*, kana kwamba gari lingoje sentensi imalizike.

Ipo faida nyingine, ya kifundishaji. Mashindano hurudia njia. Gari hupita kona ileile mara ya pili, ya tano, ya kumi, na kila mara msamiati uleule unarudi ukiwa na hatari mpya. Msomaji aliyekutana na neno *kingo* au *mteremko* bila kulielewa katika mzunguko wa kwanza atakuwa nalo mdomoni katika mzunguko wa nne, pasipo kufungua kamusi. Kwa kijana ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na cha stendi, kilichopungua upatanisho wa kisarufi na kuzoea sentensi fupi, muundo huo ni msaada ambao *Kusadikika*, kwa uzuri wote wa lugha yake, haukuundwa kuutoa.

Mitego inayomsubiri mfasiri

Mshindani mkuu wa Jason shuleni, Xavier Xonora, hujulikana kwa jina la utani ambalo likifasiriwa neno kwa neno linakuwa Mwanamfalme Mweusi. Katika asilia weusi huo ni desturi tu ya hadithi za Ulaya, ambamo adui huvaa rangi ya usiku. Mjini Juba hauwezi kubaki hivyo. Nchi hii imebeba ndani ya jina lake neno la Kiarabu linalomaanisha watu weusi, na vijana wake wanajua jinsi neno hilo lilivyowahi kutamkwa na watu wasiowatakia mema. Mfasiri akiliacha jina kama lilivyo atawapa wasomaji wake sababu ya kumshangilia adui, jambo ambalo lingevuruga hadithi, ingawa kwa namna ya kuchekesha. Akiliondoa kabisa atapoteza fahari ya mtu huyo. Mwanamfalme wa Usiku lingetosha.

Ngumu zaidi ni mazungumzo ndani ya gari. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa kiume, awe mkubwa au mdogo, na amri ya kugeuka kushoto haina umri. Katika Kiswahili mdogo humwita mkubwa wake kaka, na hamwamrishi. Lakini rubani asiyeamrisha huzamisha chombo. Mfasiri ana njia mbili. Anaweza kumvua Bug adabu yake na kumwachia amri tupu, na hapo atakuwa amemfanya mtoto jeuri ambaye hayumo kitabuni. Au anaweza kuziweka amri na heshima katika pumzi moja, jinsi wadogo wanavyosema hasa mahali pa hatari: *Kushoto, kaka. Sasa.* Kwa kuwa Bug hunong'ona, mfasiri hatahitaji alama ya mshangao.